Angeweza kuzuia, mbona hakuzuia? Jibu kwa mama wa mtoto mwenye selimundu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mwanangu wa kwanza ana miaka 6 na ana selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu). Mdogo wake naye alikuwa nayo, akafariki mwaka jana akiwa na miezi 14. Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Mama mkwe anasema ukoo wetu una jambo. Kikundi cha maombi kimetuombea, na sasa kinatutaka tuache dawa za huyu mkubwa ili tuoneshe imani. Nikisali nasema "mapenzi yako yatimizwe", lakini moyoni nakataa. Kama Mungu anatawala yote, angeweza kuzuia. Nitamwaminije? Huyu mkubwa naye ananiuliza kama ni Mungu aliyemchukua mdogo wake. Tena mume wangu anataka tuzae mwingine; je, huko si kumjaribu Mungu?

JIBU: Asifiwe sana, mama. Pole kwa msiba, na pole kwa maneno uliyopewa msibani. Umeuliza mambo mengi, na nitaanza na lile lisiloweza kusubiri hata wiki moja: dawa.

Usiache dawa za mtoto. Kama anatumia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu ya selimundu, jua kwamba dawa hiyo huchukua miezi kujenga nafuu, lakini ikiachwa nafuu yenyewe huyeyuka ndani ya wiki chache. Mtego uko hapohapo. Mtoto aliyekunywa dawa vizuri kwa mwaka mzima huonekana mzima, anaombewa akiwa katika hali hiyo, dawa inaachwa, naye anaendelea vizuri kwa siku kadhaa kwa sababu dawa bado iko mwilini. Watu wanashuhudia kanisani. Kisha maumivu yanarudi, au damu inashuka ghafla, na wale walioshuhudia wanaona haya kusema, hivyo mzazi anaambiwa kwamba imani yake imelegea. Selimundu yenyewe pia ina vipindi vya utulivu na vipindi vya maumivu hata bila dawa, kwa hiyo wiki tatu za raha si kipimo cha uponyaji.

Wanakikundi watakuuliza: kama Mungu anatawala, dawa za nini? Wasomee Matendo ya Mitume sura ya 27. Merikebuni, katikati ya dhoruba, walikuwa watu 276. Paulo anawaambia waziwazi kwamba Mungu amemhakikishia kuwa hakuna hata mmoja atakayepotea. Mistari michache baadaye mabaharia wanataka kutoroka na mtumbwi, na Paulo huyohuyo anamwambia akida, mkuu wa askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Ahadi ya Mungu ilikuwa imetoka, na mabaharia walihitajika vilevile, kwa kuwa Mungu aliyekusudia waokoke alikusudia pia waokoke kwa mikono ya watu wajuao kazi yao. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona na kuongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Hakuna aliyemwona nabii kuwa amekosa imani.

Mkitaka kuheshimu maombi yaliyofanyika, fuateni utaratibu wa Yesu mwenyewe. Wakoma aliwatuma wakajioneshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na mamlaka ya kutamka kwamba mtu ametakasika. Kwenu ni kliniki ya selimundu na kipimo cha aina ya hemoglobini. Waambie kikundi hivi: "Tunashukuru kwa maombi, endeleeni kutuombea. Dawa zitabadilishwa na daktari akishaona kipimo." Usibishane zaidi ya hapo. Akikuandama mtu, apelekwe kwa mchungaji wako, na mumeo ndiye aongee, si wewe peke yako. Siku ambayo mtoto ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, anapumua kwa shida, amepauka ghafla au tumbo limevimba upande wa kushoto, nendeni hospitali kwanza. Maombi yanasaliwa njiani.

Sasa lawama. Mtoto huzaliwa na selimundu akipokea kinasaba kimoja cha ugonjwa kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Ninyi wawili ni wabebaji, na huenda hamkuwa na dalili yoyote. Kila mimba mliyopata ilikuwa na uwezekano wa 25% wa kuwa na ugonjwa, na hesabu hiyo huanza upya kila mara. Kuwa na watoto wawili wagonjwa mfululizo hakuhitaji laana ili kuelezeka. Mama mkwe anaposema ukoo wako una jambo, asisahau kwamba nusu ya jambo hilo imetoka kwa mwanawe, yaani kwake yeye au kwa mumewe. Usimwambie kwa ukali, maana amezika mjukuu. Lakini mume wako amwambie.

Wanafunzi walipomwona kipofu wa kuzaliwa waliuliza swali la mama mkwe: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Jibu la Yesu katika Yohana 9:3 ni fupi: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Ezekieli 18:20 inafunga mlango wa pili: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Atatokea mtu wa kukutajia mtoto wa Daudi aliyekufa katika 2 Samweli 12. Kweli, pale kifo kilifungamana na dhambi ya baba, lakini Daudi aliambiwa hivyo na nabii Nathani aliyetumwa na Mungu, tena dhambi yenyewe ilitajwa kwa jina. Pasipo Nathani, mtu anayesoma kaburi la mtoto kama hukumu anasema asichotumwa.

Kuna jambo la kisayansi ambalo baadhi ya wahubiri hulipenda: anayebeba kinasaba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea sana katika nchi zetu zenye mbu. Ni kweli. Lakini mtu akikuletea habari hiyo kama sababu ya Mungu kumwacha mwanao afe, una ruhusa ya kumwomba anyamaze. Jinsi ugonjwa ulivyoenea ni jambo moja, na kwa nini ulimpata mtoto wako ni jambo lingine. Hili la pili hakuna mwanadamu anayelijua. Mithali 16:33 inasema kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za BWANA. Mstari huo unatuambia kwamba hata ile 25% haiko nje ya mkono wake. Hautupi ruhusa ya kuchungulia hesabu zake.

Hapo ndipo swali lako kubwa lilipo, na sitalikwepa. Ndiyo, angeweza kuzuia.

Wako watakaokupunguzia uchungu kwa kumpunguza Mungu: hakujua, hakuweza, au shetani alimshinda mbio siku ile. Faraja ya namna hiyo huisha usiku wa kwanza mtoto wako mkubwa akishikwa na maumivu, kwa sababu Mungu aliyeshindwa mwaka jana atashindwa tena, na wewe utakuwa unamwomba nani? Wengine humfanya awe mwenye nguvu zote lakini baridi, anayepanga vifo vya watoto kama karani anayepanga mafaili. Biblia haikubali lolote kati ya hayo. Maombolezo 3 inasema kwamba hapana jambo litokealo pasipo agizo lake Bwana, na mistari michache kabla ya hapo inasema kwamba kuwatesa na kuwahuzunisha wanadamu si jambo ambalo moyo wake unalipenda. Yameandikwa pamoja, na mtu aliyekuwa ameona watoto wakifa njaa barabarani Yerusalemu.

Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha mafundisho cha Waprotestanti, katika swali la 27, inataja afya na maradhi, utajiri na umaskini, ikisema havitujii kwa bahati bali kwa mkono wa Baba. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, tamko la imani la Waprotestanti wa Uingereza, linaongeza tahadhari ambayo watu wengi huisahau: Mungu huamuru yote yatukiayo, na bado si yeye mwanzilishi wa dhambi, wala visababishi vya kawaida havifutwi. Kwa hiyo unaweza kusema mambo mawili kwa pumzi moja: mwanangu alikufa kwa selimundu, na mwanangu hakuanguka kutoka mkononi mwa Mungu. Makanisa hayaelezi jambo hili kwa namna moja. Wengi huona heri kusema "Mungu aliruhusu" kuliko "Mungu aliamuru", na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakiri kwamba hakuna jibu la haraka kwa swali la uovu. Neno "aliruhusu" linasaidia kuonesha kwamba Mungu haupendi uovu. Lakini halijibu swali lako, kwa sababu anayeruhusu naye angeweza kukataa.

Biblia inapoulizwa swali hili haitoi maelezo. Inatuonesha watu wakiliuliza mbele za Mungu. Martha, aliyefiwa na kaka yake Lazaro, anakwenda kumlaki Yesu na kumwambia: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Maria anakuja baada yake na kurudia maneno yaleyale. Swali lako ndilo hilo, mama. Yesu hakumkemea hata mmoja wao kwa kukosa imani, na kabla hajafika kaburini alilia, ingawa alijua kwamba dakika chache baadaye Lazaro angetoka. Kisha soma Matendo sura ya 12 bila kuruka mstari: Yakobo anauawa kwa upanga, na Petro anatolewa gerezani na malaika. Kanisa ni lilelile, mfalme ni yuleyule, na wote wawili walikuwa mitume. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, haelezi kwa nini mmoja na si mwingine. Na Petro, katika Matendo 2:23, anasema kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa na kwamba watu wabaya ndio waliomwua. Tukio baya kuliko yote duniani lilikuwa ndani ya mkono wa Mungu, likabaki kuwa baya, na wokovu ukatoka humo. Anayesema Mungu hawezi kushika jambo ovu bila yeye mwenyewe kuwa mwovu, aanzie kwenye msalaba.

Ahadi ya utawala wa Mungu ina mipaka yake, na mtu asiyeijua huvunjika moyo bure. Imeahidiwa kwamba hakuna kitakachotutenga na upendo wake, na kwamba katika mambo yote anafanya kazi kuwapatia mema wampendao (Warumi 8). Haikuahidiwa kwamba utayaona mema hayo kabla ya kufa, wala kwamba kifo chenyewe kitaitwa chema. Mstari wa 23 wa sura hiyohiyo unasema tunaugua tukiungojea ukombozi wa mwili wetu, na Paulo kwingine anakiita kifo adui. Yusufu aliweza kuwaambia ndugu zake kwamba walikusudia mabaya bali Mungu aliyakusudia kuwa mema, lakini alisema hivyo baada ya miaka mingi, akitazama nyuma. Walipomtupa shimoni aliwasihi kwa uchungu wa nafsi. Ndugu zake wenyewe wanakumbuka hilo katika Mwanzo 42:21. Usidai kutoka kwako leo maneno ambayo Yusufu aliyasema miaka mingi baadaye.

Kuhusu "kazi ya Mungu haina makosa": nayo kweli ni kweli, na waliokuambia hawakukutakia mabaya. Kosa liko katika wakati na mdomo. Ayubu ndiye aliyesema BWANA alitoa na BWANA ametwaa, juu ya wanawe mwenyewe, hakuna aliyemsomea. Tena mstari wa kabla yake unasema alirarua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini, na kufikia sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa. Marafiki zake walifanya jambo moja jema, yaani kukaa chini pamoja naye siku 7 bila kusema neno. Walipofungua midomo waliitetea haki ya Mungu kwa sura nyingi, na mwishoni Mungu akawakasirikia wao, akasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ayubu huyo alikuwa amelalamika karibu kitabu kizima! Ila malalamiko yake aliyapeleka kwa Mungu.

Mwaka 1542 Martin Luther, mwanzilishi wa matengenezo ya kanisa, alifiwa na binti yake Magdalena, aliyekuwa na miaka 13. Alimwandikia rafiki yake kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru kwa furaha kwa kuwa mtoto ameondoka vizuri, lakini hawawezi kufanya hivyo bila kulia. Mwaka huohuo John Calvin, ambaye jina lake halitengani na fundisho la utawala wa Mungu, alizika mtoto wake mchanga na kuandika kwamba Bwana amewatia jeraha chungu. Katika barua hiyohiyo akaongeza kwamba Mungu mwenyewe ni Baba, na anajua yafaayo watoto wake. Watu hao hawakuona kwamba jeraha linaipinga imani.

Sasa sala yako. "Mapenzi yako yatimizwe" si mwanzo wa sala ya Gethsemane. Katika Marko 14:36 Yesu kwanza anamwita Baba, anakiri kwamba yote yawezekana kwake, anaomba kikombe kiondolewe, ndipo anasema si kama nitakavyo mimi. Kwa Mathayo anaomba mara tatu. Wewe umeruka moja kwa moja kwenye sentensi ya mwisho kwa sababu ndiyo uliyofundishwa kuwa ya kiroho, na moyo umegoma kwa kuwa haukupewa nafasi ya kusema. Rudi nyuma. Kwa miezi kadhaa unaweza kuishia katika ombi, na sentensi ya mwisho ukaisema hivi: "Sitaki, lakini sijaondoka kwako."

Chukua Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Mistari 2 ya kwanza ni malalamiko. "Hata lini" imo mara nne. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi la wazi. Wa 5 na wa 6 ni tumaini. Tenga dakika 10, wakati mtoto amelala, uwe na daftari. Soma malalamiko kwa sauti, kisha andika yako, ukimtaja mtoto kwa jina lake. Usisafishe lugha. Ombi liwe moja, la leo: usingizi, nauli ya kliniki, mtoto asipate maumivu wiki hii. Ukifika kwenye tumaini usijilazimishe. Siku ambayo huwezi, soma maneno ya Daudi kama yalivyo na ufunge daftari. Wiki inayofuata nenda Zaburi 77, kisha 42, kisha 130. Zaburi ya 88 iache kwa siku mbaya kabisa, kwa sababu inaishia gizani bila neno moja la faraja, na imo ndani ya Biblia hata hivyo.

Kinachoharibu zoezi hili mara nyingi ni kulifanya njia ya kununua nafuu: nimelalamika siku 30, sasa Mungu anidai nini tena? Kingine ni kulalamika kwa kila mtu isipokuwa kwa Mungu. Hapo uchungu unaota mizizi. Ibadani nenda hata kama huwezi kuimba. Kaa, wengine wakuimbie. Chagua wanawake wawili wanaojua kunyamaza, na uwaombe waje nyumbani kwa siku maalumu badala ya kupokea kila anayebisha hodi na mstari mkononi.

Atakayekwambia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba amekosea kusoma. 1 Wakorintho 10:13 inahusu kujaribiwa kutenda dhambi, na mlango wa kutokea. Kuhusu mizigo, Paulo anasema katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi.

Lakini angalia hapa. Kama hulali wala huli kwa wiki kadhaa, kama unashindwa kumhudumia mtoto, au unawaza kumfuata marehemu, nenda hospitali. Wazo hilo la mwisho likija, nenda siku hiyohiyo na umwambie mtu mmoja kabla hujatoka nyumbani. Eliya alipoomba afe, Mungu alimpa usingizi na chakula mara mbili kabla hajamuuliza swali lolote (1 Wafalme 19).

Kwa mtoto wako mkubwa, epuka ile sentensi ya "Mungu alimpenda zaidi akamchukua". Yeye ana ugonjwa uleule. Atahesabu mwenyewe kwamba akipendwa sana na Mungu anafuata yeye, na ataanza kuogopa kusali. Mjibu kwa maneno machache ya kweli: "Mdogo wako aliugua, damu yake ilikuwa na ugonjwa, mwili ukashindwa. Hakuwa peke yake, Yesu anaye. Mama bado analia, na wewe unaweza kulia." Akiuliza kama naye atakufa, usiahidi usichoweza. Sema: "Wewe una dawa, una daktari, na sisi tupo. Ukiumwa niambie haraka." Atauliza tena baada ya wiki, na jibu liwe lilelile.

Kuzaa tena. Maandiko hayawaagizi mzae wala hayawakatazi. Kuacha si kukosa imani. Ni uamuzi halali wa watu wanaojua hesabu yao. Kuzaa nako si kumjaribu Mungu, mradi hamjaweka sharti kwamba safari hii lazima Mungu awape mtoto mzima ili mwendelee kumwamini. Sharti hilo ndilo jaribu lenyewe, na mtoto atakayezaliwa atabeba mzigo usio wake. Msiamue mwaka huu wa kwanza wa msiba, na usikubali kwa kumridhisha mume tu. Ombeni kikao na mtaalamu wa kliniki ya selimundu, mwende wote wawili. Mkizaa, mtoto apimwe mapema, katika wiki za kwanza, badala ya kungoja vidole vivimbe. Akiwa na ugonjwa, daktari kwa kawaida humwanzishia penisilini ya kinga akiwa na miezi 2 au 3 hadi atimize miaka 5, pamoja na foliki asidi, chanjo zote kwa wakati, kinga ya malaria na chandarua chenye dawa. Na ndugu wa mumeo ambao hawajaoa au kuolewa waambiwe wakapime sasa. Hapo mama mkwe anaweza kuwa msaada mkubwa, kwa maana watamsikiliza yeye kuliko wewe.